Msimu Niliorudi Kupimwa

Kibaoni, Jumamosi, 20 Novemba 1976

Mvua ya kwanza imepiga jana jioni na leo kila mtu yuko shambani. Darasa la kisomo limesimama mpaka watu wapumue. Daftari moja limebaki tupu, nami nimelichukua. Nimewafundisha watu wazima thelathini na wawili kuandika majina yao, basi na mimi niandike langu.

Naitwa Verdiana, mke wa Telesphor. Miaka ishirini na saba. Ndoa miaka saba. Sina mtoto. Hilo nimeliweka mwishoni, lakini hapa kijijini ndilo watu wanaloanza nalo. Wenzangu wote wanaitwa Mama Fulani. Mimi naitwa Mwalimu, na wanaoniita hivyo wanadhani sijui kwa nini wanalipenda sana jina hilo.

Leo tulikuwa tunapiga matuta ya jaruba la mpunga, mimi na mama mkwe. Mama Romana ni mtu wa maneno machache, na hayo machache ni makavu. Aliegemea jembe akasema, "Mpunga wa mwaka huu ukiingia ghalani, ukoo utakaa."

"Kwa ajili yangu, mama?"

"Kwa ajili yenu."

Akarudi kulima. Najua ni shemeji Fabiani, kaka mkubwa wa Telesphor, ndiye anayekitaka kikao hicho. Yeye ana watoto tisa. Anasema mdogo wake achukue mwanamke mwingine, au mimi nirudishwe kwetu Usevya.

Jumatatu, 22 Novemba

Tumelima. Mgongo.

Jumapili, 28 Novemba

Padri amehubiri habari za woga. Nimerudi nyumbani na neno hilo, kwa hiyo nitaandika jambo ambalo hata Telesphor sijamweleza vizuri.

Miaka miwili iliyopita alinipeleka hospitali moja, jina lake sitaliandika. Niliitwa ndani peke yangu. Mtu aliyevaa koti jeupe aliniambia, "Vua. Panda kitandani." Sikuambiwa kitu kingine. Wanaume wawili walisimama mlangoni wakizungumza habari za mpira. Kikaingia chuma cha baridi, kisha kitu kingine kikanishika ndani kama kidole cha nge, kisha tumbo likajaa na kukaza mpaka nikaona giza. Niliuliza, "Mnanifanya nini?" Hakuna aliyenijibu. Nilimsukuma yule mtu, nikashuka, nikakimbia ukumbini bila viatu, shuka nimeishika kwa mkono.

Telesphor alikuwa kwenye benchi. Aliniokotea kanga, akanifunika, tukaondoka. Mpaka leo hajauliza kilichotokea. Zamani niliona ule ni upole. Siku hizi naona anaogopa jibu.

Habari ilifika kijijini kabla yetu. Mimi ndiye mwanamke aliyekimbia kitanda cha hospitali.

Jumatatu, 6 Desemba

Kitalu cha mpunga kimeota. Mvua kila siku.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Watoto wamepelekwa mbele kubarikiwa. Nimeimba sauti ya kwanza mpaka mwisho, sikukatika.

Ijumaa, 7 Januari 1977

Zimekuja tena. Sihitaji kuandika ni nini.

Alhamisi, 13 Januari

Leo nina mengi.

Landrova ya kliniki imekuja kutoka Mpanda kupima watoto, na ndani yake muuguzi mpya. Anaitwa Athanasie, Mrundi, mmoja wa wale waliokuja na wakimbizi miaka mitano iliyopita. Mrefu, mwembamba, Kiswahili chake kinapanda na kushuka kama anaimba. Akina mama wamejipanga na watoto wao mgongoni. Mimi nilikaa pembeni nikiandika kadi, kazi ninayopewa kila mara kwa sababu najua kusoma na sina mtoto wa kupanga naye foleni.

Walipokwisha aliniuliza, "Na wewe dada, shida yako ni nini? Umeniangalia siku nzima."

Nikamwambia yote, hata ya shuka. Nilidhani atacheka. Aliweka kalamu chini.

"Wale watu walikosea," akasema. "Kipimo hakikukosea. Kipimo kile kinafaa. Kosa ni kukufanyia kama vile wewe ni gunia."

Kisha akaniambia habari yake kidogo. "Mimi nilitoka kwetu na nguo moja. Nikapandishwa lori, nikashushwa, nikapandishwa lingine. Hakuna aliyeniambia tunakwenda wapi. Ile ilinitisha kuliko bunduki. Kwa hiyo mgonjwa wangu mimi namwambia kila kitu kabla. Njoo."

Tukaingia darasani kwangu. Akachukua chaki akachora ubaoni. Kizazi, akasema, ni kama kibuyu kilichogeuzwa, mdomo chini. Juu yake huku na huku kuna mirija miwili, myembamba kuliko mrija wa kunywea pombe. Yai la mwanamke hupita humo. Mrija ukiziba, yai na mbegu ya mwanaume havikutani, hata mkae ndani ya ndoa miaka arobaini.

"Sasa wanaangaliaje kama umeziba?" nikauliza.

"Kwanza hawaanzi na wewe. Wanaanza na bwana. Kwake ni kazi ya kichupa tu, hakuna chuma. Akiwa mzima, ndipo unakuja wewe. Unakwenda siku zako zikishakatika, kabla ya siku ya kumi, ili wasije wakaharibu mimba iliyoanza. Unalala mgongoni, magoti juu. Wanaweka chuma cha kufungulia njia, kina mdomo kama wa bata. Kinabana, hakikati. Wanasafisha. Halafu koleo dogo linashika mlango wa kizazi usisogee. Hapo utasikia kama umefinywa. Halafu mpira mwembamba, na ndani yake dawa inayoonekana kwenye eksirei. Dawa ikijaza kizazi, tumbo linakaza kama siku mbaya ya hedhi. Dakika chache. Wanapiga picha. Wanatoa. Utaona damu kidogo siku moja au mbili. Ukipata homa au harufu mbaya, unarudi haraka."

"Na nikishindwa?"

"Unasema simama. Ni mwili wako. Daktari mzuri atasimama."

Alisema kuna vipimo vingine zaidi ya hicho, cha kuchukua kipande cha ngozi ya ndani ya kizazi, na kingine cha kutoboa kidogo karibu na kitovu ili kuchungulia, lakini hicho ni cha mbali, Dar es Salaam. "Usiogope mto ambao hujaufikia," akasema. Ameahidi kuniandikia barua kwa daktari wa Tabora.

Nimefuta ubao mwenyewe. Kabla ya kufuta nimeunakili mchoro humu, ukurasa wa mwisho.

Ijumaa, 14 Januari

Nimemwambia Telesphor kwamba yeye ndiye wa kwanza kupimwa.

"Mimi nipimwe nini? Siumwi."

"Na mimi siumwi," nikamjibu.

Amechukua jembe akaenda.

Jumanne, 18 Januari

Tumepandikiza mpunga kutwa. Hajaongea.

Ijumaa, 21 Januari

Hajaongea. Fabiani alipita kuomba mbegu. Ameniamkia vizuri sana, nami nimechukia namna ilivyokuwa vizuri.

Jumatatu, 24 Januari

Nimeamka Telesphor hayupo. Mama Romana anasema amepanda lori la Mpanda. "Kufanya nini?" "Mambo ya wanaume," akasema, akapepeta mchele wake.

Alhamisi, 27 Januari

Amerudi. Alikaa kwenye kigoda akanipa karatasi ya maabara. Niliisoma mara mbili. Mbegu ni nzima, ni nyingi, zinatembea.

Daftari hili ni langu, kwa hiyo sitaongopa humu. Nilitamani iwe yeye. Nilisoma ile karatasi nikaona mlango wangu umefungwa, na aliyefungwa ndani ni mimi.

Nikasema, "Basi una furaha."

Telesphor aliangalia mikono yake. "Hapana. Njia nzima nilikuwa naomba iwe mimi."

"Kwa nini?"

"Mwanaume harudishwi kwao."

Miaka saba nimelala na mtu huyu nikidhani ukimya wake ni utupu. Baadaye nikamuuliza nani alimshawishi kwenda. Akasema ni mama yake. Alimwambia kwamba akimpeleka mkewe kwenye chuma huku yeye anaogopa kichupa, asimwite tena mama.

Mama Romana huyu huyu.

Ijumaa, 4 Februari

Siku zangu zimeanza. Barua ya Athanasie imefika: daktari ananipokea. Zikikatika Jumanne, niwe Tabora kabla ya tarehe kumi na nne.

Jumapili, 6 Februari

Watu wamecheza ngoma jana kwa ajili ya chama kipya. Mvua ikawafukuza.

Jumanne, 8 Februari

Mvua. Mto Kavuu umevunja kingo. Lori limekwama ng'ambo.

Jumatano, 9 Februari

Mvua.

Alhamisi, 10 Februari

Mvua. Telesphor alivuka maji mpaka kifuani kuangalia barabara. Hakuna barabara.

Jumatatu, 14 Februari

Tarehe imepita. Nilikaa mlangoni naangalia maji ya kahawia yakipita kwenye majaruba. Mama Romana alikuja akasimama karibu yangu.

"Mto hauna ugomvi na mtu," akasema. "Utapungua."

Nilimwambia ukoo hautangoja mto. Akasema, "Ukoo ni nani? Na mimi si ukoo?"

Jumatano, 23 Februari

Jumatano ya Majivu. Maji yanapungua.

Alhamisi, 3 Machi

Zimeanza leo. Barabara iko wazi. Lakini viboko wameanza kupanda kutoka mtoni kula mpunga, na majaruba mawili yamekwisha. Telesphor akiondoka, tutarudi kukuta matope. Nikasema basi nitakwenda peke yangu.

"Nitakwenda naye mimi," akasema Mama Romana.

Nilitamani ardhi inimeze. Kukimbia mbele ya mume ni jambo moja. Kukimbia mbele ya mama mkwe ni jambo lingine kabisa.

Jumatatu, 7 Machi, ndani ya treni

Juzi tulipanda lori mpaka Mpanda, juu ya magunia. Athanasie ametupokea na kutulaza kwake siku mbili. Leo treni. Mama Romana hajawahi kupanda. Ameuliza kama inasimama ukiiambia. Nikamwambia hapana. "Basi tusiiambie kitu," akasema, akakaa, akashika kiti kwa mikono miwili mpaka tumevuka daraja la Ugalla. Baada ya hapo alianza kuimba wimbo wa kupalilia, taratibu, na wanawake wa behewa zima wakamwitikia.

Sikujua kuwa anaimba.

Alhamisi, 10 Machi, Tabora

Tumeonana na daktari. Anaitwa Yotham, Mnyamwezi, mfupi, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Amesoma barua, akaniuliza mambo mengi: siku zangu zinakuja kila baada ya siku ngapi, nimewahi kuumwa tumbo la chini na homa, nimewahi kuharibikiwa mimba. Nikakumbuka homa kali mwaka wa kwanza wa ndoa, nililala wiki mbili. Ameandika hilo na kulipigia mstari.

Nikamwambia, "Daktari, mimi nilikimbia mara moja."

"Athanasie ameandika. Ameandika pia nikueleze kila hatua kabla sijaifanya, na kwamba nisipofanya hivyo atakuja mwenyewe." Akatabasamu. "Namfahamu. Atakuja kweli."

Akanipima kwa mkono, akieleza. Wamechukua damu. Kesho saa tatu asubuhi.

Ijumaa, 11 Machi

Naandika nikiwa kitandani wodini, jua bado liko juu. Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu nataka mwanamke mwingine akisoma asipotee.

Asubuhi nilipewa maji ya kusafisha tumbo, nikaenda chooni, nikaoga. Wakanivisha gauni lililo wazi nyuma. Nikachomwa sindano ya kupunguza maumivu. Mdomo ukakauka na miguu ikawa mizito. Mama Romana alinisindikiza mpaka mlango wa chumba cha eksirei. Muuguzi akamwambia asubiri kwenye benchi. Akasema, "Nitasimama." Akasimama.

Kitanda ni cheusi, kigumu, baridi. Juu yake mashine kubwa imening'inia. Nilipoiona, miguu ilijua kazi yake ya zamani. Niliisikia inataka kushuka. Daktari alisema, "Verdiana, sasa nitakuomba upande. Sitakugusa mpaka uniambie uko tayari." Hakuna mtu mlangoni. Mlango umefungwa. Yuko yeye, muuguzi mmoja, na fundi wa picha nyuma ya ukuta wa kioo.

Nikapanda. Nikakunja magoti. Nikasema niko tayari, ingawa haikuwa kweli sana.

"Chuma cha kufungulia njia." Kimepashwa moto ndani ya maji, hakikuwa baridi. Kilibana. Nilikumbuka: kinabana, hakikati.

"Nasafisha." Maji maji, baridi kidogo.

"Sasa koleo. Utafinywa." Nilifinywa. Ni kitu kile kile kilichonifukuza zamani, kidole cha nge. Lakini safari hii nilikuwa najua jina lake na kazi yake, na najua kwamba kitakaa hapo hapo, hakitaendelea kupanda.

"Sasa mpira. Halafu dawa. Itakaza."

Ilikaza. Mungu anajua ilikaza. Ilianzia chini ikazunguka kiunoni kama kamba ya kufungia mzigo, na kila nilipodhani imefika mwisho iliongezeka. Muuguzi aliniambia nipumue kwa mdomo. Nikapumua. Jasho likaingia machoni. Nikajiona tena ukumbini na shuka mkononi.

Nikasema, "Simama."

Daktari akasimama. Palepale. Mikono yake haikusogea hata kidogo, na dawa ikaacha kusukuma. Kukawa kimya.

Siwezi kueleza vizuri kilichonitokea katika kimya kile. Maumivu yalikuwepo bado, lakini hofu ilitoka. Nilikuwa nimesema neno moja na chumba chote kikanitii. Kumbe miaka miwili hii nilikuwa naogopa kutosikilizwa. Chuma chenyewe ningeweza kukivumilia hata siku ile.

Mlango ukafunguka. Mama Romana ameisikia sauti yangu. Muuguzi alimwambia, "Mama, hairuhusiwi," naye akampita kama anavyopita mbuzi njiani. Akanishika mkono. Mkono wake ni mgumu kama mpini.

"Wamekuumiza?"

"Hapana, mama. Nimewasimamisha."

Akamwangalia daktari. Daktari akamwambia, "Nimefika nusu. Upande wa kushoto umeziba, nimeuona. Wa kulia dawa imefika katikati ikasita. Nikisukuma kidogo tena huenda ikapita. Lakini mpaka yeye aseme."

Wakaniangalia wote.

Nikasema, "Endelea."

Walimvisha Mama Romana koti zito la kuzuia mionzi, akaonekana kama askari, akabaki amenishika. Dawa ikaja tena. Nilibana mkono wake mpaka nadhani nilimwumiza, naye hakuuondoa. Nikahesabu kwa sauti, kama ninavyowahesabisha wanafunzi wangu. Kumi na nne, kumi na tano. Nilipofika kumi na tisa kitu kiliachia ndani yangu, upande wa kulia, na ile kamba ikalegea.

"Imepita," akasema fundi wa picha nyuma ya kioo.

"Imepita," akasema daktari.

Mama Romana akauliza, "Nini imepita?"

"Dawa, mama. Mrija wa kulia ulikuwa umenata. Sasa uko wazi."

Baada ya hapo kila kitu kilitoka kwa mpangilio, kama kilivyoingia. Nikapewa kitambaa cha kuzuia damu. Niliposhuka kitandani nilishuka kwa miguu yangu, nikavaa viatu vyangu, nikapita ukumbini taratibu kabisa.

Jumamosi, 12 Machi

Bega linauma kidogo. Daktari alisema litauma, ni ile dawa iliyomwagikia tumboni. Damu ni matone tu. Hakuna homa. Nina vidonge vya siku saba.

Tumekaa na Mama Romana kwenye ngazi za wodi. Bila kuniangalia, akaniambia kwamba kabla ya Fabiani alikaa miaka minne bila mtoto. Mama mkwe wake alimpeleka kwa mtu mmoja, akamkandamiza tumbo kwa magoti na kumwekea vitu ndani, hakumwambia ni vitu gani. Aliumwa miezi.

"Ulipokimbia ile siku," akasema, "watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilisema, huyu ana akili. Mimi nilibaki nimelala."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia nini? Ungedhani nakufariji. Mimi sijui kufariji."

Kisha akamwomba daktari ile picha. Daktari alitaka kuiweka kwenye faili. Wamebishana. Tunarudi nayo.

Alhamisi, 17 Machi, Kibaoni

Tumefika. Telesphor ana ndevu na macho mekundu, amelala kwenye dungu siku zote akipiga debe kufukuza viboko. Mpunga upo. Nimemwambia yote, na safari hii ameuliza. Ameuliza mpaka nimechoka.

Alhamisi, 31 Machi

Zimekuja. Daktari amesema nijipe mwaka mzima. Umepita mwezi mmoja.

Jumanne, 12 Aprili

Nyamizi amekuja, mke wa Mabula, wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe upande wa mbuga. Ameleta maziwa, akazungumza habari za ng'ombe mpaka zikaisha. Mwishoni akauliza, "Mwalimu, kile kipimo kinauma?"

"Kinauma," nikamwambia. "Kaa nikueleze kinavyouma, na kinauma wapi, na kwa muda gani."

Nikamchorea kibuyu na mirija. Alifuata mstari kwa kidole kama anavyofuata herufi mwanafunzi wa kwanza.

Jumapili, 24 Aprili

Wamekuja wanne baada ya misa. Mmoja ni mke wa mtoto wa baba mdogo wake Fabiani. Nimefungua darasa, nikachora ubaoni.

Ijumaa, 29 Aprili

Zimekuja.

Jumatatu, 9 Mei

Kwelea kwelea wameshuka kwenye mpunga. Kutwa kupiga kelele kuwafukuza. Sauti imekauka.

Alhamisi, 19 Mei

Tumeanza kuvuna. Masuke mazito.

Ijumaa, 27 Mei

Zimekuja, na kikao ni keshokutwa. Fabiani hakungoja ghala lijae. Nimemwambia Mama Romana kwamba nitakwenda mikono mitupu.

"Miguu unayo?" akaniuliza.

Jumapili, 29 Mei

Kikao kimefanyika uwanjani kwa Fabiani, mchana. Mwenye kikao ni mzee Yohani, baba mdogo wa Telesphor. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka.

Fabiani alizungumza vizuri. Sitamsingizia. Alisema hana ubaya na mimi, ni mchapakazi, nimewafundisha hata wanawe kusoma. Lakini nyumba ya mdogo wake itafungwa. Alisema, "Tumengoja miaka saba. Mwanamke alipelekwa hospitali akakimbia. Tungoje nini tena?"

Mama Romana akasimama. Wanawake hawasimami kwenye kikao hicho kabla ya kuitwa. Akatoa ile picha ndani ya kanga yake, akaiinua juu kwenye jua kwa mikono miwili.

"Sogeeni," akasema.

Walisogea. Hata mzee Yohani alitoka kitini. Akawaonyesha kwa kidole. "Hiki ni kizazi. Huku kushoto, mnaona, mstari unakatika. Kumeziba. Huku kulia mstari unatoka, unatoka, unatoka, halafu kama moshi unasambaa. Hapo pamefunguka. Palifunguka mimi nikiwa nimemshika mkono."

Fabiani akasema, "Mama, picha itazaa?"

"Nyamaza. Mimi nimezaa sita, wawili nimezika. Hakuna aliyewahi kunionyesha ndani yangu pakoje. Nililazwa chini, nikafanyiwa mambo, nikanyamaza. Huyu alilala juu ya kitanda cha chuma akasema simama, wasomi wakasimama. Akasema endelea, wakaendelea. Unasema alikimbia. Wewe ulimwona aliporudi akakaa?"

Mzee Yohani akaniita niseme mwenyewe. Nilisimama, tumbo la siku zangu likiniuma, sauti yangu bado imekauka kwa kufukuza kwelea kwelea. Nikasema, "Ni kweli nilikimbia mara ya kwanza, kwa sababu sikuambiwa kitu. Mara ya pili niliambiwa, nikakaa. Daktari anasema njia moja ipo na tujipe mwaka. Siwaahidi mtoto. Nawaambia ninachokijua, na ninakijua kwa sababu nilikwenda kukitafuta. Sitarudi Usevya kwa aibu ya kitu nisichokuwa nacho."

Telesphor akasimama kabla sijakaa. Hajawahi kusema katika kikao chochote. "Na mimi nimepimwa," akasema. Wanaume wakaangaliana. "Ndiyo, nimepimwa, karatasi iko nyumbani, anayetaka kusoma aje. Padri aliniuliza mara moja kama namtaka huyu, nikajibu mara moja. Sitajibu tena. Kaka, watoto wako tisa ni wangu pia. Nyumba yangu haijafungwa."

Wanawake kwenye mikeka walianza kupiga makofi, polepole, na yule aliyeanza ni mke wa Fabiani.

Mzee Yohani akarudi kitini. Akasema kikao cha jambo hili kimeisha na hakitaitwa tena, si baada ya mwaka, si baada ya miaka kumi. Kisha akamwomba Mama Romana amwonyeshe picha mara nyingine, yeye peke yake.

Tumerudi watatu kwa mguu. Sikuwa na mimba wala dalili ya mimba, na nilitembea kama nimetawazwa.

Ijumaa, 24 Juni

Zimekuja. Nimelia kidogo, halafu nimekwenda kupura mpunga.

Jumanne, 5 Julai

Nimemsindikiza Nyamizi mpaka Mpanda. Athanasie ameahidi kupanda naye treni.

Jumapili, 31 Julai

Sitaandika kitu. Nimehesabu mara tatu.

Jumamosi, 20 Agosti

Harufu ya samaki wa Rukwa imenifukuza jikoni. Telesphor ameniangalia, nami nimemwangalia.

Alhamisi, 8 Septemba

Daftari limebaki na ukurasa mmoja na nusu, unatosha.

Landrova imekuja. Safari hii sikuandika kadi. Athanasie alinilaza kwenye benchi la darasani, akaniambia kwanza atakachofanya, kisha akabonyeza juu ya mfupa wa kinena taratibu. Aliacha mkono hapo. Akanipima na ndani. Alinawa mikono bila haraka.

"Kizazi kimekua kama chungwa kubwa," akasema. "Wiki kumi, labda kumi na moja. Machi utakuwa na mtoto."

Nyamizi pia ameleta barua yake nimsomee: mirija yote miwili wazi. Mabula alikataa kuanza yeye, sasa wanamngoja na kichupa.

Telesphor alipiga magoti palepale kwenye vumbi la uwanja wa kliniki mbele ya watu, akafanya ishara ya msalaba, akasahau kusimama.

Mama Romana nilimkuta anapepeta. Nilimwambia. Aliweka ungo chini. Kisha akanyanyuka, akachukua ndoo yangu mlangoni.

"Lala," akasema. "Maji nitachota mimi."

"Mama, kisima ni mbali, na jua hili."

"Nimekuambia lala."

Nimelala hapa dirishani naandika, na ninamwona. Amejitwisha ndoo saa saba ya mchana, mwanamke mzima mwenye wakwe, na kila mlango anaopita watu wanatoka kumuuliza mkwewe yuko wapi mpaka achote maji mwenyewe. Anasimama kila mlango. Anajibu. Vigelegele vinamfuata nyuma, nyumba kwa nyumba. Kisima kiko mashariki. Yeye ameshika njia ya magharibi, ndefu, inayopita kwa Fabiani.